Nyuso Alizochora Mwalimu Carolyne

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kabla hatujamsafirisha nyumbani, familia imenipa mimi, Wesley, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Mwalimu Carolyne Nasimiyu, nanyi mnisamehe nikikwama, maana mengine sijayaelewa mpaka leo.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1981 huko Kimilili, Bungoma, akasoma huko huko, akahitimu ualimu wa sanaa mwaka 2005, akafunga ndoa na shemeji yetu Laban tarehe 12 Disemba 2009, wakajaliwa binti, Daisy, na Januari 2013 akaajiriwa na shule moja ya kibinafsi hapa Doha, Qatar, wakaishi kwanza mtaa wa Najma, kisha wakahamia hapa Al Wukair.

Baba alipofariki mwaka 2018, Carolyne alimchora kwa mtindo wa impreshonisti, ule wa Wafaransa wa kupaka rangi kwa madoa mafupi ili mwanga uonekane ukitetemeka, akaituma picha nyumbani, na mama akasema, "Huyu ni nani? Amemyeyusha mzee wangu," akaigeuzia ukutani. Carolyne alilia, kisha akasoma habari za wachoraji wa Marekani, waliojifunza mtindo huo Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakarudi kuchora theluji yao na bandari zao, na wengi wao wakaacha nguo na majani yapotee katika mwanga, lakini uso wa mtu wakaushika imara. Akanipigia simu, "Wes, kumbe si lazima nichukue yote!" nami nikaitikia tu. Akamchora baba upya, shamba likiwaka nyuma yake, uso ukiwa ule ule, na mama akaitundika sebuleni.

Septemba 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, na akiwa amelazwa wodini akaanza kumchora mama, akaaga dunia tarehe 3 Februari 2025. Picha hiyo ina kitenge, kiti na jua la Kimilili, ila pa uso pana rangi tu, manjano na zambarau. Laban anasema Carolyne alimwambia, "Imeisha," Daisy anasema hapana, alikuwa ameomba brashi ndogo. Tulimtumia mama kwa simu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mleteni pamoja nayo," akakata, na hata hilo sijui alimaanisha nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Najma na wa hapa, na walimu wenzake waliokesha nasi. Dada, pumzika kwa amani. Sisi bado tunatazama.