Injini Niliyoifunga Bila Kuuliza

Ndugu zangu, mama mwenyekiti aliponiomba nisimame leo aliniambia niseme polepole na nisikasirike. Kusema polepole nitajaribu. Hilo la pili siwezi kuliahidi, maana miaka imepita na hasira yangu bado ina afya kuliko mimi mwenyewe. Majina sitataja, ya wema wala ya wabaya.

Mnanijua kama fundi wa magari hapa Jabe. Ambao mmejiunga na chama chetu hiki cha mafundi na wauzaji juzi pengine hamjui kwamba nilikaa gerezani miezi kumi na mmoja kwa sababu ya gari moja dogo, lile la Kifaransa lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lilikuwa la mke wa mkubwa mmoja anayekaa Kiriri, kule juu kwa matajiri.

Ilikuwa katika vita hivi hivi, wakati ule mipaka imefungwa na vipuri haviingii. Petroli ilikuwa inauzwa kwenye chupa pembeni ya barabara, nusu yake mafuta ya taa. Petroli ya namna hiyo iliiua injini ya gari lile. Nilipoifungua nikakuta pistoni mbili zimetoboka. Nikamwambia mkubwa ukweli, kwamba injini hii imekwisha na nyingine kama yake haipo Bujumbura nzima.

Akaniuliza kama ninaweza kufunga ya Kijapani. Nikamweleza kwamba injini ya kampuni nyingine haikai pale. Mahali pa kuishikilia ni tofauti, gia boksi yake ni tofauti, hata mabomba ya maji yanaelekea kwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kumbe alidanganywa, alikuwa ameambiwa mimi ni fundi, kumbe ninabadilisha matairi tu.

Hapo alinipata. Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu hakuninunua kwa pesa. Alinigusa pale ninapojivunia, na mimi nikafungua mlango wote.

Baada ya siku tatu injini ikaletwa kwa pikapu, imefunikwa turubai, kutoka kwenye depo yake, ghala lake la kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Ilikuwa injini nzuri, ndogo, na gia boksi yake ikiwa bado imeshikana nayo. Lakini sikilizeni nilichokiona asubuhi ile, kwa macho haya. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa panga. Fundi hakati nyaya kwa panga, fundi anachomoa. Namba ya injini ilikuwa imesuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Na kifuniko cha mahali pa kumiminia oili hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa cha aluminiamu ya kuyeyusha, kimeundwa kwa mkono, na juu yake kulikuwa na nyota.

Nyota ile kila mama hapa Jabe anaijua. Iko chini ya sufuria zenu. Mzee anayeunda sufuria hizo alikuwa jirani yangu, nyumba nne kutoka gereji yangu. Ningetembea dakika moja nimuulize kifuniko hiki alimtengenezea nani. Dakika moja, ndugu zangu. Sikutembea.

Swali moja niliuliza, na nilimuuliza mkubwa mwenyewe, kwa jina tunalowaita mabosi: "Patro, hii moteri imetoka kwa nani?"

Hata sauti hakuipandisha. "Fundi," akasema, "we una kazi ya mikono. Apana ya mudomo."

Nikanyamaza. Barabara za kutoka milimani zilikuwa zinaua watu kila wiki, magari yanashikwa, abiria wanateremshwa, na mimi nina injini iliyokatwa kwa panga mezani kwangu, na nikanyamaza. Mke wangu alipoiona aliniambia kitu hiki hakimpi amani. Nikamwambia aende zake jikoni. Nasema hili mbele yake, yuko pale amekaa, na nilishamwomba msamaha zaidi ya mara moja.

Kisha nikafanya kazi, na kazi ilikuwa tamu, hilo siwezi kuficha. Nilikata vipande vya chuma cha reli nikaunda vishikizo vipya. Sahani ya oili ilikuwa inagonga chuma cha chini, nikaipunguza na kuichomelea upya. Mihimili ya magurudumu nilichukua nusu ya Mfaransa na nusu ya Mjapani nikaiunganisha, nikaijaribu, ikakatika, nikarudia. Boneti ilikataa kufunga mpaka niliposhusha injini kidole kimoja. Wiki ya sita nikawasha ikaunguruma kama imezaliwa mle. Mafundi walitoka gereji za jirani kuja kutazama. Wengine wenu mlikuwepo. Mlinipiga mabegani.

Yule mama wa Kiriri hakukipenda kile kifuniko cha aluminiamu, akasema kinaonekana cha maskini. Nikamtafutia kingine, na kile chenye nyota nikakitupa kwenye kopo la nati. Gari likapanda Kiriri.

Haukupita mwezi, mzee wa sufuria akaja kuniomba nati. Akachagua mwenyewe mle koponi, akakitoa kifuniko chake. Akakigeuza, akakifuta kwa shati. Akaniuliza nilikitoa wapi. Nikasema nilikiokota kwenye vyuma chakavu. Akakirudisha taratibu, akaenda bila nati aliyoijia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, polisi walikuja pamoja na mwanamke mwenye kitenge cheusi. Mume wake alikuwa dereva wa teksi. Alitoka kupeleka mgonjwa kwao huko juu, hakurudi. Gari walilikuta bondeni bila injini, na yeye kando yake. Kifuniko kile alitengenezewa na mzee baada ya kile cha kwanza kupotea. Yule mama alikichukua koponi, akanitazama. Afadhali angenipiga.

Niliwaambia polisi wamwite mkubwa, yeye ataeleza. Niliamini hivyo kabisa. Akaja na shati jeupe, akakaa kwenye kiti, mimi chini. Akasema alileta gari gereji litengenezwe kama mtu yeyote anavyofanya, na fundi alikoipata injini yeye hajui. Sura yangu, akasema, haikumbuki vizuri. Mtu huyo alikaa kwenye benchi langu wiki sita. Alikunywa chai ya mke wangu, akaomba sukari zaidi. Sura yangu haikumbuki!

Nikaingia gerezani kama mshirika wa wauaji. Na huku nje, ndugu zangu, mlifanya nini? Nitasema, kwa sababu tukificha haya chama hiki kitakuwa cha uongo. Wapo waliosema walijua tangu zamani kwamba mimi nina mambo. Wapo waliokuja kwa mke wangu kuomba spana za kuazima, na spana hizo hazikurudi. Watoto wangu waliitwa watoto wa mwizi wa maiti, wakaacha kwenda shule. Mke wangu alitembea kwa miguu kuniletea ugali, na waliokuwa wanampa lifti zamani walimpita wakitazama mbele.

Humo ndani nilijitetea kwa kila aliyetaka kunisikiliza. Nilionewa, nilisema, sikujua kitu. Nilisema mara nyingi mpaka nikaanza kuamini sikujua kitu.

Mwezi wa nane yule mjane akaja. Alitaka kujua jambo moja tu, nani aliniuzia, ili ajue nani alimuua mumewe. Nikaanza wimbo wangu wa kila siku. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Kile kifuniko ulikiona?"

Niliwaza kusema sikukiona. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amekileta, amekishika mkononi, na kidole chake kilikuwa juu ya nyota. Nikashindwa. Nikamwambia nilikiona siku ya kwanza. Nikamwambia niliijua ile nyota, niliona nyaya na namba, na nilijua mzee anakaa wapi. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu nilitaka watu waone kwamba ninaweza kuifunga. Nikamweleza na pikapu, na depo ya Zone Industrielle.

Machozi yalikuwa yananitoka mimi, yeye hapana. Mwishowe akasema, "Sasa nakuamini. Mutu wa uongo angesema hakukiona."

Ndugu zangu, siku ile ndiyo niliyotoka gerezani. Miezi mitatu iliyobaki ilikuwa ya mwili tu.

Yule mjane alikwenda kwenye lango la ile depo. Alikaa pale na kile kifuniko, leo, kesho, keshokutwa, akiuza karanga ili wasimfukuze. Mlinzi wa lango alikuwa Mkristo, mtu mzima, ana watoto wengi. Siku tano alijifanya hamwoni. Siku ya sita alimletea kigoda akalie, na alipompa kigoda tu akaanza kusema. Alikuwa zamu siku ile wanaume wawili wenye bunduki walipoleta injini, na patro wake alitoka mwenyewe kuipokea. Mjane akamwomba aseme hayo mbele ya hakimu. Akasema atapoteza kazi. Hata hivyo alisema mbele ya hakimu, na kazi akaipoteza wiki ileile.

Hakimu aliniachia. Na mkubwa je? Mkubwa alisema alinunua bila kujua, kwa nia njema. Mimi niliyekuwa na spana mkononi nilikula miezi kumi na mmoja. Yeye aliyepokea injini kwa watu wenye bunduki alipewa onyo. Wale wawili hakuna aliyewatafuta. Mnaniambia nisikasirike. Nitaacha kukasirika siku mtakaponionyesha alama ya onyo lile kwenye mwili wake.

Injini iliamriwa irudishwe kwa mjane. Fundi wa kuitoa hakupatikana, kila mmoja alikuwa na shughuli. Nikaenda mimi. Niliitoa uani kwa mkubwa, Kiriri, mchana kweupe, nati moja baada ya nyingine, mjane amesimama kando yangu. Mkubwa alikuwa barazani juu na gazeti. Nilipomaliza akamtuma mpishi aniulize kama ninaweza kuwatafutia injini nyingine. Mpishi hana kosa, nikamjibu kwa heshima, amwambie patro ateremke aniulize mwenyewe. Tulipakia injini kwenye mkokoteni tukangoja kidogo. Hakuteremka.

Leo injini ile inazungusha kinu cha mjane, hapa hapa Jabe. Mimi ndiye niliyekifunga, na mimi ndiye ninayekitengeneza. Unga mnaokula wengi wenu unatoka pale, na watoto wake wako shuleni. Wangu pia wamerudi.

Namshukuru mke wangu, aliyeona kabla yangu na hakuniacha nilipomfukuza aende jikoni. Namshukuru mzee wa sufuria. Kuna watu walimchukia kwa ajili yangu, nawaomba waache, maana alifanya ile kazi ya dakika moja niliyoikataa mimi. Namshukuru yule mlinzi wa lango, ambaye mafundi Waislamu na Wakristo tulimchangia akaanza biashara yake ndogo. Mjane sijui nimshukuruje, kwa hiyo mashine yake haijawahi kulala imeharibika.

Na nyinyi mafundi, na nyinyi wauzaji mnaoletewa mabati, magodoro, redio na baiskeli kutoka huko barabarani: vita hivi bado vinatuletea vitu vizuri kwa bei nzuri. Ukiletewa, uliza. Uliza kabla hujashika spana. Aliyeleta akikasirika, mwache akasirike aondoke nacho, hata awe nani. Mimi nilitaka kujua kama injini ile itaingia, nikasahau kuuliza ilitoka kwa nani.

Mungu amrehemu yule dereva. Sikuwahi kumwona. Aliitunza injini yake vizuri, hata oili ilikuwa bado safi.