Waya Kumi na Saba za Papa Assumani

Tarehe 30 Juni 1989, saa sita za mchana, Citoyen Assumani Feruzi, fundi mkuu wa karakana ya viatu na vyuma ya Kituo cha Tusimame, hapa Mangobo, atavua aproni yake ya ngozi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia Kituo miaka thelathini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi na tatu. Hesabu hiyo si yangu. Ni yake mwenyewe, ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana, na kila asubuhi anaifuta na kuongeza siku moja. Anayedhani mzee huyu hana hamu ya kupumzika na aende akausome mlango ule.

Sista Philomène, mkurugenzi wetu, ameniomba mimi Safi, karani wa Kituo, niandike wasifu huu kwa sababu mashine ya kuandikia iko mezani kwangu. Hiyo ndiyo sababu aliyoitaja. Nyingine anaijua vizuri, nami nitaisema ikifika mahali pake.

Papa Assumani alizaliwa mwaka 1934, mtoto wa fundi bati aliyetengeneza taa na ndoo sokoni. Kwa baba yake alijifunza kupasha chuma kwenye makaa, kulowesha bati kwa asidi na kutiririsha risasi iliyoyeyushwa hadi ndoo isivuje tone. Aliingia Kituo tarehe 17 Machi 1958, mji ukiwa bado na jina lake la zamani. Alipewa ufagio. Baada ya miezi mitatu ufagio ulipata mtu mwingine, yeye akawa anatengeneza vyuma vya miguu kwa wagonjwa wa polio.

Mwaka wa 64, Kituo kilipofungwa kwa vita, alizifunga kalibu zote za viatu katika turubai na kuzizika nyuma ya jikoni. Amani iliporudi alizichimbua zote isipokuwa moja, ya mguu wa kushoto, namba thelathini na nane. Hadi leo akiona mtu analima bustani nyuma ya jikoni anasogea polepole, mikono mgongoni, kuangalia jembe limegusa nini.

Wagonjwa wake wako kila mahali, kutoka Opala hadi Yahuma. Wote wanakumbuka desturi yake moja. Hakabidhi kiatu mpaka mgonjwa mwenyewe amekivaa, ametembea hadi getini na kurudi, kisha amekitukana mbele ya watu wote. Kinabana, kinakata, kinalia, aseme yote. “Tukana ye hapa hapa,” anasema Papa, “usiende kutukana ye kule Yahuma, mimi sitasikia.” Kila tusi analiandika kwa chaki kwenye soli, analirekebisha, analifuta. Kiatu kikikosa tusi, kimekwisha.

Sasa nije kwenye mashine ya mchezo.

Mwaka 1984, mwalimu mmoja mgeni alipokuwa akirudi kwao Ulaya alituachia kisanduku cheusi kinachounganishwa na televisheni, pamoja na mkono wake wa kuchezea. Mkono huo una usukani mdogo unaokwenda pande nne, na kitufe kimoja cha kupigia. Kwenye televisheni kinatokea kimashua kinachopita katikati ya miamba. Wagonjwa waliita mchezo huo Wagenia, kwa heshima ya wavuvi wetu wa maporomoko, na wakawa wanagombania zamu. Papa Assumani alisema ni mchezo wa wavivu. Alisema hivyo kila siku, akiwa amesimama mlangoni, bila kuondoa macho kwenye kimashua.

Mimi niliingia Kituo Mei 1986, si kama karani bali kama mgonjwa. Kamioni niliyopanda kutoka Opala ilipinduka, mfupa wa mkono wangu wa kulia ukavunjika, na ulipounga vidole vikawa havisikii tena. Nilikuwa mpiga mashine katika ofisi ya mkoa. Mpiga mashine asiye na vidole vya kulia ni nani? Sista alinipa mpira wa kitambaa niukamue asubuhi na jioni. Niliukamua siku nne, ya tano nikautupa. Lakini nilipowekwa mbele ya Wagenia nilisahau maumivu, nikawa navisukuma vidole vyangu kwenye ule usukani mpaka jasho linitoke. Mwezi wa Agosti kidole gumba kiliamka.

Mwezi huo huo ilikuja barua kutoka ofisini. Tarehe 15 Desemba ningefanya mtihani wa kupiga mashine, kwa mikono miwili. Nikishindwa, nafasi yangu ingepewa mwingine. Nyumbani kwetu mshahara ulikuwa wangu peke yangu. Niliisoma barua, nikampa Sista, Sista akampa Papa Assumani aisome, maana Kituo hiki hakina siri.

Wiki moja baadaye kimashua kilikataa kwenda kushoto. Watu walikuwa wamevuta waya wa usukani mno, na mahali unapoingia kwenye kisanduku, vile vimiguu vya chuma vilikuwa vimeachana na kibao cha ndani. Kazi ndogo ya kulehemu, au kusude kama tunavyosema hapa. Nani afanye kama si mwana wa fundi bati? Papa Assumani alifungua kisanduku kwa kisu cha ngozi, akapasha chuma chake kikubwa kwenye makaa, akapaka asidi, akatia risasi. Kimashua kikaenda kushoto! Tulimpigia makofi, akajifanya hasikii, halafu akacheza zamu tatu mfululizo.

Katikati ya Septemba kisanduku kilikufa kabisa. Papa alikifungua tena, akakuta ndani kumeota kutu ya kijani. Asidi ile, ambayo kwa bati ni dawa, kwa kibao chembamba cha mashine ilikuwa sumu. Haikuwa imesafishwa, ikaendelea kula njia za shaba polepole, siku baada ya siku, sisi tukicheza.

Mnajua mkutano wetu wa Jumatatu asubuhi, mahali ambapo kila idara inasifu kazi yake. Jumatatu ile Papa Assumani alisimama na kofia mkononi. “Ile mashini haikukufa yenyewe,” alisema. “Njo mimi niliua ye. Asidi yangu. Na Safi iko na mutihani.” Kisha akaketi. Katika miaka yangu yote ya ofisini, ambako makosa huwa ni ya mtu aliyehamishwa, sikuwahi kusikia mkubwa akisema hivyo. Nilikuwa nimemkasirikia sana. Pale pale hasira ikaniishia, nikabaki na hofu yangu tu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wa Kituo wakisome mara mbili. Mzee wa miaka hamsini na miwili, mwenye watu sita chini yake, alichukua kofia yake akaenda kwa Citoyen Lukumani, mtengenezaji wa redio hapa sokoni Mangobo, mtu mdogo kwake kwa kama miaka ishirini, akamwomba amfundishe kulehemu tangu mwanzo. Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, ikiisha na mitaro ikiwa imefagiliwa, aliweka ufagio wake chini ya meza ya Lukumani na kuketi kwenye kigoda cha mwanafunzi, pembeni ya njia, wateja wake wa viatu wakipita na kumsalimu kwa mshangao.

Lukumani hakumwonea haya. “Papa, hii si bati ya ndoo,” alimwambia siku ya kwanza. “Huku mukono iko inaenda pole. Bon, leta nyuzi mia moja.” Alimaanisha viungo mia, kila kimoja cha vipande viwili vya waya, na kila kiungo kionyeshwe. Papa alifundishwa kupasha kiungo chenyewe badala ya kuiyeyusha risasi juu yake, kwa sababu risasi inafuata joto. Alifundishwa kutia kidogo. Alifundishwa kutopulizia, maana kiungo kilichopoa kwa haraka kinakuwa cha kijivu na kinadanganya. Kizuri kinang'aa kama jicho la samaki aliyevuliwa leo.

Vya kwanza vyote vilikuwa vya kijivu. Lukumani alivikata kwa koleo, kimoja kimoja, mbele ya wapita njia. Papa alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani kuendelea. Mama Kadidja, mkewe, ananiambia kwamba mwezi ule hakuna kitu cha chuma kilichobaki peke yake nyumbani mwao. Alilehemu mpini wa kisufuria, ndoano ya taa, na hereni ambayo haikuwa imevunjika.

Asidi ilipigwa marufuku. Mahali pake ilitakiwa kolofani, ule utomvu wa kusafishia kiungo, lakini kolofani ya Lukumani ilikuwa imekwisha na nyingine ilikuwa safarini kutoka Kinshasa, kwa meli, na meli ilikuwa imekwama mchangani. Papa aliomba sandarusi kwa mgonjwa mmoja ambaye ndugu zake walikuwa wameileta kutoka msituni kuwashia moto. Aliisaga, akaijaribu. Ilifanya kazi nusu nusu, na ikatoa moshi wenye harufu nzito hata masista wawili wakatoka vyumbani wakidhani misa imeanza bila wao.

Mwishoni mwa Oktoba alikamilisha mia yake inayong'aa, na Lukumani akamwazima chuma chembamba cha umeme. Papa aliosha kibao kwa spiriti ya zahanati na mswaki. Akafuata kila njia ya shaba iliyoliwa, kwa lenzi ya kusomea ya Sista, na kila ilipokatika akaweka daraja la waya mwembamba aliouchuna kutoka kebo ya simu ya zamani. Waya kumi na saba. Nilikuwa nimeketi karibu naye na nilizihesabu, kwa sababu katika hali ile mtu huhesabu chochote. Alipowasha umeme, kimashua kikatokea, na Papa Assumani, ambaye sijamwona akilia kwa msiba wa mtu, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Hakuishia hapo. Alipofungua mkono wa kuchezea aliona jambo ambalo sisi wachezaji hatukuliona. Ndani ya mkono ule wote mna viguso vitano tu: juu, chini, kulia, kushoto na kupiga. Vitano! Akauangalia mkono wangu. Siku tatu baadaye aliniletea ubao uliokatwa kwa kipimo cha kiganja changu, umefunikwa ngozi laini, wenye vibati vitano vya springi vilivyolehemiwa kwenye viguso vile, kila kidole na chake. Kidole gumba kilipiga. Cha shahada kilienda kushoto, cha kati kulia, cha pete chini. Kile kidogo, kilichokuwa kimekufa kuliko vyote, alikipa juu, kwa sababu katika Wagenia asiyepanda juu anagonga mwamba mara moja.

Kisha akaniambia nitukane ubao.

Niliutukana wiki sita. Kila tusi aliliandika kwa chaki mgongoni mwa ule ubao, na kila Ijumaa alikaza springi kidogo. Niligonga miamba mara zisizo na idadi. Cha shahada kiliamka, kisha cha kati, kisha cha pete. Kidole kidogo kiliamka tarehe 9 Desemba, siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, na chumba kizima kikapiga kelele hata mpishi akaja na mwiko.

Tarehe 15 nilikwenda mtihanini. Wanaojua mashine zetu wanajua kwamba herufi P na M ziko upande wa kulia, mwishoni, chini ya kidole kidogo. Na wanaojua barua za ofisi zetu wanajua kwamba hakuna inayoanza bila herufi hizo mbili, maana zimo katika kifupi cha jina la chama kinachotangulia juu kabisa. Niliandika ukurasa mzima. Msahihishaji aliinua karatasi akaielekeza dirishani, akaiangalia, akaniangalia. “Citoyenne,” alisema, “P yako iko na usingizi. Mais, iko.” Akatia sahihi.

Nilirudi kazini kwangu, nikafanya mwaka mmoja na nusu. Kituo kilipotafuta karani niliomba mwenyewe kuja. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya kazi, Papa Assumani amekuwa akinifundisha kulehemu, kwa chuma chake mwenyewe alicholetewa kutoka Kinshasa. Mia yangu ilinichukua miezi minne, na vya kijivu alivikata kwa koleo bila huruma. Mwezi jana waya wa kumi na moja uliachia, kimashua kikakwama, na wagonjwa wakaja karakana kumwita. Papa alinyoosha kidole kunionyesha mimi. Nililehemu. Alikitazama kiungo kwa lenzi, akakitafutia tusi, akakosa.

Wasifu mwingine ungeorodhesha hapa vyeti na medali. Cheti anacho kimoja, kimeliwa na mende. Ila nenda barabara yoyote ya Mangobo asubuhi, tazama miguu ya watu, utaona kazi ya Citoyen Assumani Feruzi ikienda sokoni. Kuanzia Julai atakuwa na meza yake, pembeni ya ile ya Lukumani, na wote wawili wamekwisha kugombana juu ya nani atakaa kivulini.

Papa, Kituo kizima kinakushukuru. Masista, wapishi, mafundi sita uliowafundisha, na wale wote wanaotembea. Nenda ukapumzike salama, wewe na Mama Kadidja. Mungu awape miaka mingi, afya, na vyombo ambavyo havijalehemiwa.

Wasomaji watanisamehe kwa jambo moja. Jarida hili linachapwa kwa stensili, na stensili haifichi kitu: katika kurasa hizi P zimetoka hafifu, na M pia. Ningeweza kuzipiga kwa kidole kingine, zikatoka nyeusi. Lakini jina lako, Papa, nimeliandika kila mara kwa kile kidole ulichoniamshia.