Vidonge vya Kuruka Mstari

Kijiwe chetu kipo Nachingwea mjini, pale barabara ya kwenda Ruangwa inapoachana na njia ya sokoni, na benchi letu ni taruma la reli. Liliachwa na Mwingereza aliyekuja huku kulima karanga. Alileta treni, karanga zikamshinda, reli ikang'olewa. Taruma hili lilisahauliwa, na sisi tunalikalia kila siku baada ya swala ya adhuhuri. Mimi nipo hapo hapo na kazi yangu ya kuziba pancha, Anuari yupo na dele lake la kahawa, na wapo mabingwa wawili wa kusema wasichokijua. Wa kwanza ni Swalehe, tunayemwita Redio, maana habari inamfikia kabla haijatokea. Wa pili ni Tomasi, tunayemwita Bajeti, kwa sababu ukimtajia kitu chochote atakwambia nani kakilipia. Wa tano wetu ni Masoudi wa Chiola, fundi wa kupulizia mikorosho dawa ya unga, jina lake la kijiweni Salfa. Siku hiyo, mwisho mwisho wa mwezi wa sita, Salfa alikuja akakaa pembeni kabisa, akatoa mfukoni kikombe cha plastiki cha bluu. Nikaacha kujaza upepo.

Kile kikombe sote tulikijua. Mwezi wa pili Salfa alipimwa makohozi, akaambiwa ana kifua kikuu. Alikuja mwenyewe kutuambia, na tangu siku hiyo akawa anakunywa kahawa kwenye kikombe chake. Catherine, mhudumu wa afya aliyekuwa akimpelekea vidonge nyumbani kwa pikipiki ya mradi wa wafadhili, alitucheka. Alisema ugonjwa ule unapita kwenye hewa, kikombe hakina kosa. Sisi tukaona kikombe ni rahisi zaidi kukiogopa kuliko hewa. Baada ya miezi miwili Salfa akapimwa tena, akaambiwa haambukizi, ila dozi aimeze mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Jioni ile Anuari alimtilia kahawa kwenye kikombe cha wote na tukakipokezana makusudi, ili aone. Cha bluu hatukukiona tena. Sasa kimerudi, na mimi niliogopa kabla hajasema neno.

Anuari: Mzee Salfa, hicho kikombe cha nini tena?

Salfa: Tia kahawa.

Anuari: Nauliza tu, mzee wangu.

Salfa: Kikohozi kimerudi. Tangu Ijumaa.

Bajeti, aliyekuwa amekaa karibu naye, akasogea. Alisogea kidogo tu, kama anafuata kivuli, lakini sote tuliona. Salfa aliona wa kwanza.

Redio: Si nilisema? Mradi ulipofungwa nilisema hapa hapa, sasa watu watakohoa.

Bajeti: Hilo halikuhitaji mganga, njomba. Mambo yale yalikuwa yanalipiwa na watu wa nje. Pikipiki yao, mafuta yao, mshahara wa Catherine wao. Sisi mchango wetu ulikuwa kumeza.

Anuari: Sasa wamefunga kwa nini? Tumewakosea nini?

Redio: Kwao ugonjwa haupo. Hakuna mtu analipia dawa ya kikohozi asichokisikia. Hata wewe hulipii.

Bajeti: Sikubali. Ule ulikuwa mkopo. Hamkumwona Catherine na daftari? Jina, kijiji, vidonge vingapi, kila wiki. Msimu ukifika watakwenda moja kwa moja ghalani. Gunia la Masoudi wa Chiola lipo wapi? Hili hapa. Pakia.

Mimi: Hata choo cha shule kina daftari, Bajeti.

Redio: Fundi, ziba pancha. Haya ni mambo makubwa. Jiulizeni, kwa nini wafunge sasa hivi, wakati Ruangwa hapo watu wanachimba madini ya kinywe? Na chini ya hili taruma kuna nini? Hamjui. Wao wanajua. Wanataka ardhi, watu hawawataki. Ukitumia risasi, dunia nzima itasikia. Kikohozi hakina kelele.

Anuari: Kikohozi kina kelele, Redio.

Tukacheka. Salfa naye alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia kifuani. Aliinama, akajiziba kwa kitambaa, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Tulipokuwa tunasubiri amalize, kila mmoja alitazama upande wake, na mimi nilijikuta nimebana pumzi. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyofanya. Kilikuwa kikohozi kile kile cha mwezi wa pili, nilikitambua.

Anuari alipandisha sauti, nadhani ili tusimsikie Salfa.

Anuari: Mimi nauliza kitu kimoja. Kwenye kila kilo ya korosho tunakatwa. Tunakatwa ya ushirika, ya madawati, ya nini sijui. Kwa nini tusikatwe na ya vifua? Dawa tukanunua wenyewe, tusimsubiri mtu.

Bajeti: Nani atashika hizo pesa?

Anuari: Hospitali.

Bajeti: Sawa. Na mwaka ambao mvua inanyesha kwenye maua na korosho hazipo? Utamwambia mgonjwa asubiri msimu?

Redio: Atakufa.

Bajeti: Ndiyo nasema. Wa nje anaweza kuamka asubuhi akafunga mfuko. Korosho nazo zinaweza kuamka zikagoma. Hakuna pa kushika.

Tangu nimjue Bajeti, hayo ndiyo maneno yake pekee niliyotamani yawe uongo. Mimi nikamgeukia Salfa.

Mimi: Vidonge vimekuishia lini?

Salfa: Havijaisha. Ninavyo vya siku tatu.

Mimi: Catherine alikuletea lini mara ya mwisho?

Salfa: Mwisho wa mwezi wa tano. Aliniachia vya wiki mbili. Akasema kesho yake wanachukua pikipiki, na yeye anarudi kwao Mnero.

Mimi: Vya wiki mbili? Huu si mwezi mzima?

Salfa akatabasamu. Ni lile tabasamu lake la kazini, la mtu anayejua mashine yake inapumulia wapi.

Salfa: Naruka mstari.

Redio: Mstari gani?

Salfa: Wewe hujapulizia wewe, ndiyo maana huelewi. Mfuko wa salfa ukiwa mmoja na shamba kubwa, ruzuku haijafika, unafanyaje? Mstari huu wa mikorosho unaupulizia, ule wa pili unauruka. Salfa ni unga, upepo unaubeba. Mti uliouruka unapata vumbi la jirani yake. Kazi inasogea mpaka mfuko mwingine uje. Na vidonge nimevifanyia hivyo hivyo. Leo nameza, kesho naruka. Cha jana kinapeperukia leo.

Anuari: Nani kakwambia ufanye hivyo?

Salfa: Nani aniambie? Si mlisema dawa zimekwisha? Hapa hapa, mmekaa hivi hivi. Ningekuwa nameza kila siku, leo nisingekuwa na hata kimoja.

Alisema bila kulaumu, kama mtu anayesubiri kusifiwa kwa kubana matumizi. Mimi nikaweka pampu chini.

Mimi: Salfa, mwaka ule uliruka mistari kwenye lile shamba la Kiegei.

Salfa: Niliruka.

Mimi: Ule ugonjwa wa majani, ubwiriunga, ulikwenda?

Salfa: Ulikwenda.

Mimi: Halafu?

Tabasamu likamtoka. Alikitazama kikombe chake, akakizungusha.

Salfa: Halafu ukarudi.

Mimi: Ukarudi vipi?

Salfa: Ukala mpaka ile miti niliyoipulizia.

Bajeti, ambaye alikuwa ameshasogea mara moja, alisogea tena, na safari hii hakujificha. Nikakumbuka kile kikombe cha wote tulichopokezana, na jinsi nilivyokinywea kwa mbwembwe. Tangu Ijumaa Salfa alikuwa amekaa nasi mara ngapi? Siku nne. Jana aliniegemea begani akinionyesha picha ya mjukuu wake kwenye simu.

Pembeni yetu palikuwa na mwanamke ameketi juu ya furushi, anasubiri gari la Ruangwa. Alikuwa amefika muda si mrefu, akanunua kahawa, akanyamaza, nasi tukamsahau. Sasa akarudisha kikombe kwa Anuari.

Mwanamke: Samahani, kaka zangu. Naitwa Prisila, nilikuja Mnero msibani, narudi kwangu Ruangwa. Nimesikiliza, na kuna kitu sijakielewa. Nani aliwaambia dawa zimekwisha?

Redio: Hilo linajulikana, dada. Mradi umefungwa.

Prisila: Mradi umefungwa hata kwetu. Mimi nauliza dawa. Wewe alikwambia nani?

Redio: Bajeti.

Bajeti: Mimi? Mimi nilimsikia Anuari.

Anuari: Mimi nilisikia kwa fundi. Siku ile ananizibia baiskeli.

Wote wakanitazama. Nikafungua kopo la gundi, nikalifunga.

Mimi: Mimi nilisikia kwa Redio.

Hivyo ndivyo nilivyosema, na haikuwa kweli yote. Siku ile Redio alisema mradi umefungwa. Alisema pikipiki imechukuliwa na bango lao limeng'olewa. Maneno ya dawa niliyaongeza mimi, nilipokuwa namsimulia Anuari, kwa kuwa pikipiki na bango pekee havikumshtua mtu. Nilitaka ashtuke. Alishtuka, akampelekea Bajeti, Bajeti akampelekea Redio, na Redio alipotuletea hapa kijiweni nilishtuka na mimi, kama nasikia habari ile kwa mara ya kwanza. Salfa alikuwepo. Alikuwa anakunywa kahawa.

Salfa: Hata duka la dawa nilikwenda, dada yangu. Wakasema hawana.

Prisila: Za kifua kikuu haziuzwi dukani, baba. Zinatolewa hospitali, dirishani. Kuna aliyekwenda dirishani?

Hospitali kutoka kwenye taruma letu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, tena wa kujivuta.

Salfa: Mimi nilizoea kuletewa. Na nikaona, niende nikapange foleni mbele za watu kwa kitu ambacho hakipo?

Anuari: Kwenu Ruangwa zipo?

Prisila: Binti yangu anameza. Na sisi tulikuwa tunaletewa na pikipiki, ikaondoka. Wiki iliyopita nikaenda mwenyewe kwa mguu, nikapewa. Walisema za mwezi huu zipo. Za mwezi ujao hawakusema, na mimi niliogopa kuwauliza. Za hapa kwenu sijui, nisije nikawadanganya.

Gari la Ruangwa likapiga honi. Prisila akajitwika furushi lake, akatutazama mmoja mmoja, jinsi mama anavyotazama watoto waliokaa na sufuria inaungua.

Prisila: Dirisha la kwetu linafungwa saa tisa na nusu. Sasa hivi saa nane.

Akaondoka. Tukabaki na kahawa yetu. Salfa hakuwa ameigusa ya kwake, ilikuwa imejaa kwenye kile kikombe cha bluu.

Salfa: Nikifika wakasema hazipo?

Bajeti: Utakuwa umejua.

Salfa: Na wakisema zipo?

Redio alichezea kamba ya kiatu. Nilielewa Salfa anaogopa nini, na nadhani wote tulielewa. Kama zipo leo, basi zilikuwepo wiki ile, na wiki iliyofuata, na kila siku aliyoiruka.

Salfa: Nilikuwa naogopa zimekwisha. Sasa naogopa zipo.

Nikachukua baiskeli ya mteja iliyokuwa tayari, mwenyewe atanisamehe au asinisamehe. Nikamwambia Salfa panda nyuma. Alisita, akasema atakwenda kwa mguu, nisije nikapata hewa yake. Nikamwambia panda. Sikusema kwa ushujaa. Niliogopa sana kile kifua kitakachokuwa kinapumua mgongoni mwangu, lakini niliogopa zaidi kubaki pale kwenye taruma. Akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akapanda, akageuza uso pembeni. Kikombe alikiacha kwenye benchi. Nilipogeuka kutazama, wenzangu watatu walikuwa wamesimama mbali nacho, na hakuna aliyenyoosha mkono kukiondoa.

Tulipofika karibu na soko ndipo nikamwambia. Nilimwambia maneno ya dawa niliyaongeza mimi. Tukapita wauza ufuta, nikadhani hakusikia.

Salfa: Wewe uliongeza. Mimi nikaruka.

Mimi: Nisamehe, Salfa.

Salfa: Fundi, pale dirishani wataniuliza nimeruka siku ngapi. Niseme ngapi?

Sikujua. Huyu mtu ukimuuliza atakwambia mwaka ule Kiegei aliruka mikorosho mingapi, na mti upi ulianza kukauka. Nikasubiri aniambie mwenyewe, huku nakanyaga. Nikasikia kidole chake kinagusa mgongo wangu, mara moja, mara mbili, mara tatu, kinafika mahali kinasimama, halafu kinaanza upya.