Shore wa Mwalimu Auleria: Mmoja au Wawili?

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mama ambaye yeye mwenyewe kiti kilikuwa kinamchoma. Mwalimu Auleria wa Goba, aliyefundisha baiolojia sekondari mpaka akastaafu, alifariki wiki iliyopita. Mwalimu Auleria wa Goba.

Hakuwa mtu wa kutulia. Padri yuko katikati ya mahubiri, yeye keshasikia shore analia nje, keshatoka. Shore mnamjua: ndege wa kahawia, kichwa cheusi, njano chini ya mkia, anayeonja mapapai yenu kabla yenu. Sasa, kule Mkomazi yuko shore mwingine, kifuani kama ana magamba, na doa jeupe karibu na sikio. Je, hao ni ndege wawili, au ni mmoja kabadilisha shati? Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwalimu alishakubaliana na nafsi yake: wawili.

Husain Gulamabbas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbezi Luis, alisema mmoja. Mwalimu alikwenda kwake kununua bati, ubishi ukaanza, bati likasahaulika. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, wako kibarazani kwa Mwalimu na chai inapoa. Husain anasema ndege hao wakikutana wanaoana na kuzaa, kwa hiyo ni ukoo mmoja. Mwalimu anasema vifaranga wachache wa mpakani hawafuti koo mbili. Husain akajitolea mfano: mie mweupe, wewe mweusi, mbona vitabuni hatukuandikwa aina mbili? Mwalimu akamjibu kwamba yeye ataandikwa kwenye bei za misumari. Kesho yake alfajiri, mama huyo kwenye basi la Same, kwenda Mkomazi kuhakikisha tena.

Mumewe, Mzee Cyprian, ndege anayemjua vizuri ni kuku wa kuchoma. Hakuwahi kuchagua upande.

Mwaka huu figo zikagoma. Mwalimu akawa wa kitandani, lakini kutulia wapi. Ageuke huku, ageuke kule, dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe. Husain akaja kumjulia hali. Alipoona alivyokonda, moyo ukamlegea.

"Mwalimu, nimekubali," akasema. "Ni wawili."

Mzee Cyprian anatusimulia kwamba mkewe, aliyekuwa hawezi hata kushika kikombe, alijiinua akakaa kitako.

"Umeona nini kipya, Husain?"

Husain hakuwa ameona kitu.

"Basi usinizike nikiwa macho. Nenda, urudi na hoja."

Husain akaenda. Kabla hajarudi, Mwalimu akafariki.

Makaburini, wakati wa salamu za rambirambi, Husain akasimama. Watu wakajiandaa kusikia sifa za marehemu. Yeye akaliangalia jeneza.

"Mwalimu, siku ile nilikudanganya. Ndege ni mmoja."

Mashemeji wakatazamana, mmoja akaanza kusogea ili amtoe. Mzee Cyprian akamzuia kwa mkono. Macho mekundu, mzee asiyewahi kuchagua upande akasema:

"Wawili, Husain. Jumapili uje."

Mzee Cyprian, pole. Pole kwa familia yote ya Goba, na pole kwako Husain. Nawe unayetusikiliza, huenda kuna mgonjwa wako siku hizi unamwitikia ndiyo kwa kila neno. Hebu kamuulize kama ndicho anachokitaka.

Mwalimu Auleria, pumzika. Ukiweza.