Pazia la Marehemu

Kwenye treni ya alasiri, mzee mwenye tarumbeta mapajani alikuwa akimsimulia mama wa kiti cha dirishani habari za rafiki yake aliyezikwa juzi, mvuta pazia wa ukumbi wa maigizo. Kumbe mama naye alimfahamu. Aliwahi kuwashonea waigizaji wa pale.

"Marehemu alikuwa anasinzia, kaka yangu," mama alisema. "Wimbo umekwisha, waigizaji wameganda kama sanamu, pazia halifungwi."

"Hakusinzia, dada. Alikuwa anangoja sauti ya mwisho ipotee kabisa. Alisema ukifunga mapema, umeuzika wimbo ungali unapumua."

"Basi aliisikia peke yake. Wenzake walisikia miguu ikifa ganzi."

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilitaka kucheka, nikakumbuka sikualikwa kwenye mazungumzo.

"Na kwenye onyesho la leo, pazia atavuta nani?" mama aliuliza.

"Mimi. Na sijui kama nina masikio yake."

Treni ikasimama, abiria wakainuka na vifurushi vyao. Wawili hao walibaki wameketi, vichwa wameviinamisha, mpaka mngurumo wa injini ukafifia, ukanyamaza. Ndipo mama akanyoosha mkono, akalivuta taratibu pazia la dirisha.