Fundi Sikio na Feni za Bafuni

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza umeme wa mabweni yetu, fundi tunayemwita Sikio anakabidhi funguo za karakana. Mwandishi wa maneno haya ni fundi bomba, jirani yake wa benchi kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo asiulizwe kama anapendelea. Anapendelea.

Jina hilo alipewa na Mama Bweni, msimamizi wa bweni la wasichana. Siku moja Sikio alipita koridoni na ngazi begani, akasimama, akasema feni ya bafu la tatu imeanza kukaukiwa grisi. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani mna mtu anaoga. Wiki iliyofuata feni ile ikakwama.

Wageni kazini hawajui mabafu yalivyokuwa kabla ya feni. Mvuke ulikosa pa kutokea, dari ikaota ukungu mweusi, na kila doa likasingiziwa mabomba. Fundi bomba alikula lawama mpaka akazizoea. Ni Sikio aliyekwenda ofisini kumtetea kwamba hakuna bomba linalovuja, ni hewa haitoki, na dawa yake ni feni zenye taima, zinazojizima zenyewe muda ukiisha.

Feni zilipokuja, mkandarasi alifunga ya kwanza harakaharaka, nyaya zote za moto, zile zinazoleta umeme, kwenye swichi ya taa. Taa ikizimwa, feni nayo kimya, mvuke umebaki palepale. Sikio alizima umeme kwenye mein swichi, akaifungua yote. Feni ya namna hii, alitueleza, inataka moto wa aina mbili: mmoja wa kudumu usiokatwa na swichi, wa kuiendesha, na mwingine unaotoka kwenye swichi ya taa, wa kuiarifu kwamba mtu ameingia au ametoka. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, hukamilisha kazi. Hapo taa ikizimwa, feni huendelea dakika kumi na tano, kisha hujizima.

Mama Bweni aliandika ripoti nne kwamba feni zimekataa kuzimika. Sikio hakubishana. Aliweka viti viwili nje ya bafu, wakakaa na saa mkononi. Ilipojizima yenyewe, Mama Bweni alicheka mpaka akafuta machozi. Mabafu sitini na manne yalifungwa hivyo, na hakuna aliyewahi kupigwa shoti.

Mwaka jana alianza kutembea na karatasi ya chooni mfukoni. Tulimtania kwamba tumbo limemgeuka. Kumbe alikuwa akiweka kipande kwenye wavu wa feni: kikinata, feni inavuta, kikidondoka, haivuti. Tulidhani ni ujuzi mpya, hadi Februari aliposaini feni moja kuwa ni nzima huku inasaga kama mashine ya unga. Koridoni tulisikia sote isipokuwa yeye. Alitutazama nyuso, akaelewa.

Tungemfichia hali hiyo kwa miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu, na wala hatuoni haya kusema hivyo. Yeye alikataa. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba ipo siku waya uliolegea utalia darini, naye apite chini yake akipiga mluzi, wanafunzi wamelala juu. Alikwenda ofisini mwenyewe kuomba kustaafu mapema. Siku hiyo fundi bomba alijifungia stoo, na maji yaliyomwagika humo hayakutoka bombani.

Ndiyo maana wasifu huu umechapishwa badala ya kusomwa kwenye kipaza sauti. Tunataka asome kila neno mwenyewe. Ndani ya kijitabu hiki, kila mmoja atakuta kipande cha karatasi ya chooni, safi kabisa. Sikio akiitwa mbele, tafadhali usipige makofi. Kiinue juu, ukipunge.

Ndugu yetu, ahsante kwa dari kavu na kwa ukweli wako uliokugharimu. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na watu wengi mlangoni. Ukiona ukumbi mzima unapepea, ujue hapo tumekushangilia kwa nguvu zetu zote.