Msiseme Baba Alisema

Nisogezeeni mto, halafu mketi, na anayetaka kulia aende akalie jikoni. Leo naongea Kiswahili kwa sababu mkwe wangu Nicholas, mume wa Bhoke, ni Mjaluo wa Kendu Bay, Kikuria hakijui, na sitaki mtu amtafsirie nusu nusu. Nicholas, baki hapo hapo mlangoni, mkwe hakaribii kitanda changu hata kama ninakufa, lakini fungua masikio. Daktari wa Homa Bay aliniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na mimi si mtoto, najua alichomaanisha.

Ya mashamba nayamaliza haraka. Shamba la mtoni ni la Nchagwa, la juu ni la Levis, na kipande kilicho kando ya barabara ya Migori ni cha Bhoke, na yeyote anayesema binti hapewi ardhi kwao aniambie sasa nikiwa na macho. Mayaka, jirani aliyesogeza mkonge wa mpaka nikiwa hospitalini, asipewe nafasi ya kuongea kwenye mazishi yangu. Ale, anyamaze, aende kwake.

Sasa sikilizeni, kwa maana nimekasirika, na msiponisikia nitakufa hivi hivi na hasira yangu. Jana mlidhani nimelala. Nchagwa, uliita wazee mkakaa nyuma ya ghala, mkakata kauli kuhusu kazi ya dada yako, yeye mwenyewe akiwa ndani ananipikia uji. Mlikaa vile vile mlivyokaa siku ya mahari yake, wanaume watupu, na Levis ulikuwepo ukanyamaza.

Hata kazi yenyewe hamuijui. Huko Nairobi Bhoke yuko na watu wanaochukua pesa za matajiri, wananunua kampuni iliyolegea, wanainyoosha, na baada ya miaka michache wanaiuza na kutafuta nyingine. Siidharau kazi hiyo. Maisha yangu yote nimenunua ng'ombe waliokonda huku mpakani, nikawanenepesha, nikawauza sokoni Awendo, na hao ndio waliowasomesha. Sasa kampuni ya maziwa inamwita awe mtu wao, awatafutie viwanda vidogo vya kununua, na wakishanunua hawauzi, anabaki navyo, vikiumwa anaumwa navyo. Mshahara ni mdogo kuliko wa sasa, na akitoka kabla wenzake hawajauza, fungu lake la faida linapotea. Wanataka jibu leo kabla hawajafunga ofisi. Hilo fungu ndilo mnalolilia. Nchagwa umeshachora nyumba ya matofali kwa jasho la mtu mwingine.

Wewe! Ng'ombe wa mahari ya Bhoke ndio uliooa nao. Kwetu Wakuria kila mtu anajua maana yake, kwamba dada huyo ni wako kumtunza, akiingia kwako unasimama. Wewe umegeuza, unaona kwamba alishakuletea mke, basi aendelee mpaka akuwekee na bati. Huna aibu kabisa. Na jana uliwaambia wazee, "Baba akisema abaki, atabaki." Ndiyo maana leo ulikuja na sauti laini, ukinishika mkono, ukingoja nitamke.

Na wewe Bhoke, usinitazame hivyo, zamu yako imefika. Umemuuliza mchungaji, umewauliza shangazi zako, umemuuliza hata muuguzi aliyekuwa ananibadilishia dripu. Mimi umeniuliza mpaka nikajifanya nimelala. Mtu anayenunua viwanda anashindwaje kusema ndiyo au hapana? Siku mlipokinunua kile kiwanda cha samaki ulikuja hapa unacheka kama siku ulipofaulu mtihani. Siku mlipokiuza ulikaa zizini na nguo zako za ofisi, ukakataa kula. Yote mawili niliyaona, na sitakuambia lipi lina uzito. Mimi sitakuwepo Jumatatu ukiamka kwenda kazini.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Mtu yeyote, leo au baada ya matanga, asifungue mdomo kusema Baba alisema abaki, wala Baba alisema atoke. Atakayesema ni mwongo, na asitupe udongo kaburini kwangu. Yule ng'ombe mwekundu mwenye baka usoni, kitukuu cha yule mmoja wa mahari aliyebaki zizini, ni wa Bhoke. Nchagwa, wewe ndiye utakayemchunga, na maziwa utampelekea.

Maji. Kidogo tu... inatosha.

Levis, Nchagwa, nimewafokea lakini ni wanangu. Mungu awape watoto watakaowaambia ukweli. Bhoke, leta kichwa hapa. Nakubariki sasa, kabla hujajibu, ili hawa wasije wakasema nililibariki jibu. Upate usingizi, mama. Ulipo, upapende.

Haya, chukua simu. Usitoke nje, wapigie hao wa maziwa hapa hapa, uwape jibu lako. Nchagwa, nyamaza. Nicholas, nawe... funga huo mlango, upepo. Nataka nisikie sauti ya Bhoke tu. Nishike mkono, Bhoke.

Inaita?